Jumanne Mbili

Mswaki wangu hauna mpini.
Nahodha Annaig aliukata kwa msumeno kule Lorient,
siku mbili kabla ya mzinga wa kuanzia,
akasema gramu nane ni gramu nane.
Kijiko kimoja kila mtu. Soksi jozi tatu.
Eneko alificha limau ndani ya kofia;
likanuswa, likatupwa gatini.

Vitanda navyo tulivipunguza.
Sisi kumi, vitanda vitano,
wavu uliokazwa kwa kamba na begi la kulalia lisilokauka.
Nikitoka mimi anaingia Hinewai.
Saa nne juu, saa nne chini.
Siku thelathini na nane nimelala katika joto lake
naye katika langu,
na sijawahi kumwona amefumba macho.
Namjua kwa bonde analoliacha pale kiunoni,
kwa unywele mweusi uliong'ang'ania zipu.
Tukipishana ngazini tunapeana zamu kama mabawabu:
upepo mafundo thelathini na tano, tanga la mbele limepunguzwa,
barafu bado, chai imebaki,
usiguse kijiko changu.

Huku kusini bahari haina ufuo wa kuvunjikia.
Wimbi likizaliwa huizunguka dunia nzima
likaja kujikanyaga kisigino.
Chombo kinapanda, kinasita, kinaporomoka,
na kila kisichofungwa kinajifunza kuruka.
Tunakula unga: unga wa kuku, unga wa dengu,
maji ya moto, koroga, hesabu hadi mia tatu.
Choo ni ndoo. Hapo niishie.

Jumanne, saa kumi alfajiri,
Hinewai alikawia dakika sita kupanda.
Dakika sita za baridi ile,
mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwapani.
Nikamwambia neno. Sitaliandika.
Hakujibu. Alishika usukani, akatazama kaskazini mara moja tu,
kama mtu anayehakikisha amefunga mlango.
Nikashuka, nikalala katika joto lake,
nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Ni Eneko aliyeniambia, akipangusa jenereta:
maili mia nne upande ule ndiko Bluff,
mama yake hupasua chaza kiwandani,
na leo Hinewai ametimiza arobaini.
Zile dakika sita alikuwa na simu ya setilaiti sikioni
akingoja mlio usiokuja.

Maji yakimwagika hayazoleki,
husema watu wa nchi kavu.
Sisi huzoa usiku kucha.
Karibu na saa sita, namba za ramani zikapita mia na themanini,
mashariki ikawa magharibi,
na Annaig, anayefuata saa ya mahali kwa ukaidi wake,
akaandika daftarini bila kuinua kichwa:
Jumanne. Tarehe ileile, kalamu ileile.

Sijui nani mwingine aliwahi kurudishiwa jana
ikiwa nzima, haijatumika.
Nilijipanga. Nilitunga sentensi mbili, nikazikariri.
Bahari haikujipanga nami.
Saa tatu asubuhi tanga kuu likachanika
kutoka mshono hadi mshono,
na tukalishona kutwa, yeye kwa magoti,
mimi nikimshikia taa ndani ya giza la chombo,
sindano ikipita kitambaa na, mara mbili, kidole chake.
Nilipokumbuka, Jumanne ya pili ilikuwa imebakiza nusu saa.
"Jana," nikaanza.
"Leo," akasema. "Inua taa."

Zile sentensi mbili sikuzisema.
Kabla ya kupanda zamu niliingiza begini soksi zangu za mwisho,
jozi pekee kavu katika chombo kizima.

Kule mwisho tuliingia wa nne, na mvua, na bendi ya shule.
Lakini nikitaka kuikumbuka safari ile
nakumbuka niliporudi kitandani saa nne baadaye,
nikapapasa gizani lile bonde,
nikakuta soksi moja.
Ilikuwa na joto.
Nyingine alikwenda nayo juu.